Barua ya wazi kwa wanaopanga ziara za wanamuziki: mpeni mtu mamlaka ya kusimamisha onyesho

Kwenu mameneja, waandaaji wa maonyesho, wakuu wa kampuni za kurekodi na wote mnaoshika ratiba za wanamuziki wakubwa,

Nawaandikia kama shabiki, mmoja katika umati ambao hamwujui kwa majina ila mnaujua kwa idadi ya tiketi. Sisi ndio tunaopata tanzia kwenye simu, kisha tukakataa kuamini. Tunafungua ukurasa wa pili na wa tatu tukitafuta atakayekanusha. Tunampigia rafiki tuliyeimba naye nyimbo hizo tukiwa vijana, na yeye anapokea akiwa tayari analia. Kazini tunaulizwa kama marehemu alikuwa ndugu yetu. Hakuwa ndugu yetu. Lakini sauti yake ilikuwapo siku tulipooa, siku tulipoachwa, siku tulipomzika mama, na kila mara ilisema kile tulichoshindwa kukisema wenyewe. Msiba wa mtu wa namna hiyo ni msiba kamili, hata kama hatukuwahi kumpa mkono.

Mmeyaona maombolezo yetu. Juni 2009 watu walijaa nje ya ukumbi wa Apollo, New York, wakimlilia Michael Jackson kwa kuimba na kucheza nyimbo zake. Aprili 2016 ua wa Paisley Park kule Minnesota, nyumba na studio ya Prince, ulifunikwa kwa maua na maputo ya zambarau. Julai 2011, karibu na nyumba ya Amy Winehouse huko London, watu waliacha maua, mishumaa na barua, na wengine wakaacha chupa za pombe na sigara. Chupa zile zinanisumbua mpaka leo. Walioziweka walimpenda, sina shaka. Walimletea kile walichozoea kumwona nacho pichani, na uchunguzi ulikuja kuthibitisha kwamba pombe ndiyo iliyomuua.

Lakini barua hii si ya kuwasimulia majonzi yetu. Nimewaandikia kwa sababu habari inayotushtua sisi mara nyingi haikuwashtua ninyi. Sisi tulimwona mara moja kwa mwaka, kwa mbali, chini ya taa, akiwa amepakwa rangi na kuvalishwa. Ninyi mlimwona asubuhi. Mlijua kwamba hajalala, kwamba amepungua, kwamba mkono unatetemeka, kwamba daktari amebadilishwa, kwamba wiki hii mazoezi matatu yameahirishwa. Mlijua, mkaongea kwa sauti ya chini, na ratiba ikabaki ilivyo. Si kwamba ninyi ni watu wabaya. Naamini wengi wenu mliogopa kweli. Tatizo ni kwamba katika mpango wenu wote, wenye watu wa taa, watu wa sauti, watu wa mavazi, watu wa usafiri na wanasheria, hamkumweka hata mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusema "leo haimbi", na akishasema, neno lake liwe la mwisho.

Kifo cha Michael Jackson kilichambuliwa katika kesi mbili kubwa, kwa hiyo tunajua mambo ambayo kwa wengine hubaki uvumi. Machi 2009 alitangaza kwamba atarudi jukwaani, London. Hakuwa amefanya ziara kubwa tangu 1997. Mwanzoni yalipangwa maonyesho 10. Tiketi zikagombewa, yakaongezwa mpaka 50. Ndio, tiketi tulizigombea sisi. Kwa mtu mwenye umri wa miaka 50, asiyepata usingizi kwa muda mrefu, idadi ile ilipaswa kumtisha mtu fulani mezani penu kabla haijabandikwa kwenye matangazo.

Usiku wa Juni 19, Jackson alifika mazoezini akitetemeka kwa baridi, na maneno yake hayashikamani. Mwongozaji wa onyesho, Kenny Ortega, alieleza baadaye mahakamani jinsi alivyomfunika blanketi, akamkanda miguu, akampa chakula, na jinsi msanii alivyorudishwa nyumbani bila kupanda jukwaani. Ortega aliwaandikia waandaaji barua pepe akisema kwamba mtu huyu anahitaji kupimwa na wataalamu. Huyo ni mtu wa sanaa, hana shahada ya udaktari, lakini aliona na akasema. Kesho yake kikaitishwa kikao. Daktari binafsi wa msanii, Conrad Murray, alimkasirikia Ortega na kumwambia asijifanye daktari. Kikao kikaisha. Mazoezi yakaendelea. Juni 25 Jackson alikufa, sumu mwilini ikiwa propofoli, dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, ambayo daktari huyo aliwaambia polisi kwamba alikuwa akimpa karibu kila usiku kwa takriban miezi miwili ili alale.

Sasa tazameni fedha zilivyopita. Daktari huyo alikuwa apate dola 150,000 kwa mwezi, kwa mkataba ulioandikwa upande wa waandaaji wa maonyesho, mkataba ambao Jackson alikufa kabla hajautia sahihi. Murray alitiwa hatiani Novemba 2011 kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Mwaka 2013, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na familia, baraza la mahakama lilisema kwamba kampuni ya AEG Live, waandaaji wa maonyesho yale, ilimwajiri daktari huyo, lakini haiwajibiki, kwa kuwa hakuwa mtu asiyefaa kwa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Sipingi uamuzi huo, na sina haki ya kumtia mtu hatiani pale mahakama iliposema hapana. Ila nimekaa na maneno yale muda mrefu. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa ipi? Kama ilikuwa kumtunza mgonjwa, basi mgonjwa yule alihitaji kulazwa, si kupelekwa mazoezini. Kama ilikuwa kuhakikisha anafika jukwaani, basi daktari na onyesho walikuwa upande mmoja wa meza, na mgonjwa alikuwa peke yake upande wa pili.

Kulikuwa na daktari mwingine kabla ya huyo: wa bima. Kwa kawaida onyesho kubwa haliuzwi bila bima ya kufutwa kwake, na kampuni ya bima hutaka kujua afya ya atakayepanda jukwaani. Kwa ziara ile kulikuwa na bima ya dola milioni 17.5 kutoka soko la Lloyd's la London. Kwa hiyo msituambie kwamba kumpima msanii kwa umakini ni jambo lisilowezekana. Linawezekana, na linafanyika, pale fedha zinapohitaji kulindwa. Tunaomba lifanyike kwa ajili yake mwenyewe, na matokeo yake yaweze kubadilisha ratiba.

Kwa Prince siku zilikuwa chache zaidi. Maonyesho yake ya Atlanta, yeye na piano tu, yaliahirishwa kutoka Aprili 7, 2016 kwa kile kilichoelezwa kuwa mafua. Aprili 14 akayafanya, mawili kwa usiku mmoja. Ndege iliyokuwa inamrudisha nyumbani ilitua kwa dharura Moline, Illinois, akiwa amepoteza fahamu. Akazinduliwa kwa naloksoni, dawa wanayopewa waliozidiwa na dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Aliondoka hospitalini baada ya saa chache. Umma uliambiwa ni mafua. Siku mbili baada ya onyesho aliwatokea mashabiki kwenye tafrija nyumbani kwake, akawataka wasiharakishe kumwombea. Aprili 20 watu wake walimtafuta daktari wa California anayetibu utegemezi wa dawa. Daktari hakuweza kufika siku hiyo, akamtuma mwanawe atangulie. Kijana huyo alifika asubuhi ya Aprili 21, na ndiye aliyepiga simu ya dharura, kwa sababu Prince alikuwa amekwisha kukutwa ndani ya lifti, hana uhai. Alikuwa na umri wa miaka 57. Fentanili ndiyo iliyomuua, na waendesha mashtaka waliona kwamba huenda hakujua anachokimeza, kwa kuwa vidonge vilikuwa bandia, vimetengenezwa vifanane na dawa ya kawaida ya maumivu. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kifo chake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyeficha hakuwa mgonjwa peke yake. Naelewa kwa nini ilifichwa. Yeye mwenyewe alikuwa msiri, na alijulikana kama mtu asiyetaka ulevi karibu yake. Habari ingevuja, magazeti yangemtafuna. Lakini fikirini: sisi tuliokusanyika nyumbani kwake kwenye ile tafrija, tungefanya nini kama tungeambiwa ukweli? Tungesema mpumzishe. Tungesema hatuhitaji wimbo mwingine mwaka huu wala mwakani. Kila mara mnapoamua kutudanganya kwamba ni mafua au uchovu, mnafanya hivyo mkidhani kwamba tukijua tutamwacha. Hamtujui. Mtu aliyesubiri albamu miaka kumi anaweza kusubiri matibabu.

Nitatoa ushahidi wa hilo. Desemba 2022 Celine Dion alijitokeza mwenyewe na kueleza kwamba ana ugonjwa wa neva usio wa kawaida, unaokaza misuli ya mwili mpaka unaathiri sauti na kutembea. Mei 2023 akafuta maonyesho yote yaliyokuwa yamebaki. Hakuna aliyechoma picha zake. Watu walirudishiwa fedha zao, wakamwandikia barua, wakasubiri. Julai 26, 2024 aliimba akiwa kwenye mnara wa Eiffel, usiku wa ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, na dunia ikalia kwa furaha. Na Juni 2023, katika tamasha la Glastonbury, Uingereza, Lewis Capaldi alishindwa kumaliza wimbo kwa sababu ya sauti kukatika na mishtuko ya ugonjwa wa Tourette, ugonjwa wa neva unaoufanya mwili ushtuke bila hiari. Umati ukaupokea wimbo ukaumaliza kwa niaba yake, kila neno. Siku chache baadaye akatangaza kwamba anapumzika kwa muda usiojulikana. Alirudi kwenye uwanja uleule Juni 2025. Miaka miwili ya ukimya, na mashabiki walikuwa palepale.

Najua mtanijibu kwa onyesho la Belgrade, Serbia. Juni 18, 2011, Amy Winehouse alipandishwa jukwaani mbele ya maelfu ya watu akiwa hawezi kusimama sawasawa, hakumbuki maneno ya nyimbo zake mwenyewe, na umati ukamzomea. Ndiyo, mashabiki walimzomea, na kuna wengi wanaojuta. Lakini umati unahukumu kile ulicholetewa. Waliambiwa waje waone onyesho, wakaletewa mgonjwa. Hakuna aliyetoka na kipaza sauti kusema "mwenzetu haumudu usiku huu, tunaomba mtuwie radhi na fedha zenu mtarudishiwa." Maneno kumi na kitu, dakika moja. Badala yake picha zilizunguka dunia nzima kabla hajafika uwanja wa ndege. Ziara ikafutwa baada ya aibu, na si kabla yake. Wiki tano baadaye alikutwa amekufa nyumbani, umri miaka 27, kilevi katika damu yake kikiwa miligramu 416 kwa mililita 100, zaidi ya mara tano ya kiwango cha dereva kwa sheria ya Uingereza. Katika wiki zile tano hakuwa tena na ziara, na bado haikutosha; sisemi kwamba kufuta onyesho moja humponya mtu. Nasema kwamba mtu aliyefika hali ile alikuwa ameanza kufika zamani, na kila tarehe iliyouzwa ilikuwa nafasi ya kumwuliza swali ambalo halikuulizwa.

Jibu lenu la pili nalijua pia, na hilo ndilo gumu zaidi: "Yeye mwenyewe alitaka." Ni kweli. Tom Petty alitaka. Mwaka 2017 alifanya maonyesho 53 akiwa na ufa katika mfupa wa nyonga, kwa maelezo ya familia yake, kwa sababu aliwapenda mashabiki na wenzake wa bendi. Alimaliza ziara Los Angeles mwishoni mwa Septemba. Wiki moja baadaye, Oktoba 2, alikufa, miaka 66, kwa mchanganyiko wa dawa za maumivu na za usingizi, fentanili ikiwamo. Siku aliyokufa alikuwa ameambiwa kwamba ufa umekuwa mvunjiko kamili. Familia ilisema wazi haya yote Januari 2018, na nawashukuru, kwa sababu ukweli ule ulitupa cha kujifunza na ulizima uvumi.

Msanii atataka siku zote. Ametaka tangu utotoni, ndiyo maana amefika alipofika. Ameona uso wa fundi wa taa ambaye ada ya shule ya wanawe inategemea ziara hii. Anajua kuna watu mia wanaokula kupitia mgongo wake. Mkimwuliza "unaweza?" mbele ya watu hao, atasema naweza, hata akiwa anasimamia kuta. Kwa hiyo kumwuliza yeye na kuishia hapo ni kumtupia mzigo mtu ambaye hawezi kuutua. Kwenye soka jambo hili limeeleweka. Mchezaji aliyegongwa kichwa hutaka kuendelea kucheza, na daktari humtoa, akiwa analalamika, mbele ya watu elfu sitini, na hakuna anayemwita daktari adui wa mpira. Na Christian Eriksen alipoanguka Juni 12, 2021 mjini Copenhagen, moyo umesimama, watu waliojua la kufanya walikuwa mita chache kutoka alipolala, na mashine ya kushtua moyo ilikuwapo uwanjani. Alizinduka. Alirudi kucheza kwenye Kombe la Dunia mwaka uliofuata.

Jukwaani nako watu wameanguka. Novemba 2008, Miriam Makeba, miaka 76, alizidiwa baada ya kuimba katika onyesho la mshikamano huko Castel Volturno, Italia, akafa usiku uleule. Alfajiri ya Aprili 24, 2016, siku tatu tu baada ya Prince, Papa Wemba alianguka akiimba kwenye tamasha la FEMUA, Abidjan. Alikuwa na miaka 66. Picha za video zipo, na ni chungu kuzitazama: wachezaji wako mbele, hawamwoni, wanaendelea kucheza huku mzee amelala nyuma yao. Siwalaumu vijana wale hata kidogo, wala sidai kwamba kuna aliyeweza kumwokoa. Ninachojua ni kwamba moyo uliosimama hausubiri. Kwa kila dakika inayopita bila kushtuliwa na mashine, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Ukumbi mkubwa una kilomita za nyaya, mitambo ya moshi, matabaka ya vipaza sauti. Nataka kujua mashine ile ya kushtua moyo inakaa wapi, nani anajua kuitumia, na nani anamwangalia mwimbaji, mwimbaji peke yake, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyaomba.

Daktari wa ziara asilipwe na anayenufaika na ziara. Fedha zitoke kwenye kapu la pamoja, kutoka kila tiketi kiasi kidogo, na zisimamiwe na chama cha wanamuziki au chombo huru. Tuongezeeni hiyo senti, tutalipa. Daktari huyo awe na haki, iliyoandikwa mkatabani, ya kufuta onyesho bila kuomba ruhusa ya mtu, na asiweze kufukuzwa kwa sababu ya kuitumia haki hiyo. Asiwe ndiye anayeandika dawa za msanii. Daktari mmoja akishika kalamu ya dawa, mshahara mnono na siri za nyumba, hakuna wa kumwuliza.

Kisha hao wengine walio karibu, mwongozaji, fundi, mvalishaji, dereva, wawe na mahali pa kusema. Mvalishaji ndiye anayejua kwamba nguo ya wiki iliyopita leo imekuwa kubwa. Barua ya Ortega ilikuwa na kila kitu isipokuwa mpokeaji mwenye wajibu wa kuchukua hatua. Taarifa ya namna hiyo ikiandikwa, maonyesho yasimame mpaka uchunguzi ufanyike. Yasimame kwanza. Mkikosea mtakuwa mmepoteza siku mbili.

Ondoeni kwenye mikataba vipengele vinavyomgeuza mgonjwa kuwa mdaiwa. Msanii anayejua kwamba akiugua atadaiwa gharama za ukumbi, matangazo na usafiri, hataugua, atameza kitu. Bima ya kufutwa kwa maonyesho mnayo tayari. Iandikwe ili ugonjwa wa akili na utegemezi wa dawa navyo vihesabiwe ugonjwa, kwa sababu mtu anayelindwa akivunjika mguu na haachiwi nafasi akivunjika moyo atajifunza haraka sana kuficha.

Na idadi ya maonyesho. Hapa najua naingia kwenye mfuko wenu. Lakini idadi ile hupangwa na uhitaji wetu, si na uwezo wa mwili wa mtu. Tiketi zikiisha kwa dakika chache mnaongeza tarehe, kisha mnaongeza tena, na kila nyongeza inatangazwa kwetu kama zawadi. Daktari aulizwe kabla ya nyongeza, si baada yake. Sisi tusiopata tiketi tutakasirika siku tatu, kisha tutarudi kusikiliza rekodi kama tulivyofanya siku zote.

Kuhusu yatokeayo baada ya kifo nitasema machache, maana hapo mmeshachelewa. Msifanye haraka kutuuzia. Waachieni familia waseme, na wakisema ukweli, msiwashauri waulainishe. Picha za mwili wa marehemu na sauti ya simu ya dharura si mali ya kuuzwa, na mkiwa na nguvu ya kuzuia isitokee, itumieni nguvu hiyo kama mnavyoitumia kuzuia wimbo uliovuja. Nimeona jinsi wimbo uliovuja unavyoondolewa mtandaoni kwa saa chache.

Mtauliza sisi mashabiki tutatoa nini. Swali ni la haki. Tutapokea onyesho lililofutwa jioni ileile, tukiwa tumeshasafiri, tumeshalipa malazi, tumeshasimama foleni. Wapo watakaonung'unika, na mitandaoni watatukana. Sisi wengine tutawajibu. Tutaacha kumpiga picha za kumdhihaki mtu anayepepesuka. Tutaacha kuhesabu nani amefuta mara ngapi kana kwamba ni deni letu. Na pale msanii atakaposema naumwa, tutaamini kwa mara ya kwanza anaposema, bila kudai cheti.

Msiisubiri sheria. Hakuna nchi inayowazuia kuandika haya kwenye mkataba wa ziara inayofuata. Mnapotangaza tarehe na miji, tangazeni pia kwamba ziara ina daktari huru, analipwa na nani, na nani mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho. Mistari miwili chini ya bango inatosha. Tutakayoikuta bila mistari hiyo, tutawaandikia kuuliza kabla ya kununua tiketi, na tutaliuliza swali hilohilo kwa kila mji uliomo kwenye ratiba mpaka mtujibu.

Wenu,
Shabiki